Karatasi Niliyowasomea Wachimbaji

Nilimpiga kwa mchi siku ya arobaini ya mume wangu, mbele ya shehe na mbele ya mama mkwe wangu, wali ukiwa bado mdomoni mwake. Nilikuwa ndani, kwenye chumba cha eda, mwanangu Zuhura amelala mapajani, na kati yangu na wanaume waliokaa jamvini uani palikuwa na pazia tu la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Nilisikia kila kitu. Nilisikia sinia zikigongana, nikasikia mtu anaomba aongezewe mchuzi, kisha nikasikia sauti ya yule tuliyekuwa tukimwita Injinia, mtu aliyempeleka mume wangu shimoni, akisema taratibu kama anafundisha darasa: "Marehemu Mshamu alikuwa fundi, lakini mbishi. Hawa ndugu zetu wa Newala wanachimba shimo la madini kama wanachimba choo. Mimi ardhi niliipima, ikatoka salama, karatasi ipo. Hii ni kazi ya Mungu." Mtu akaitikia, "Kazi ya Mungu." Nikamlaza Zuhura kwenye mkeka. Mchi ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, bado una unga wa muhogo kwenye ncha. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni, na jino lake nililiona kwa macho yangu likidondoka juu ya wali wa msiba wa mume wangu. Alipotaka kuinuka nikampiga la tatu gotini. Wanawake walipiga mayowe. Wanaume wengine walisimama wakasita, na mzee Chilumba, aliyekuwa kazini pamoja na Mshamu, alibaki amekaa anatafuna, akasema, "Mwacheni amalize." Shemeji yangu Selemani alinikamata kwa nyuma, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi. Mama mkwe alikuwa analia, "Mama Zuhura! Uko kwenye eda, mwanangu, uko kwenye eda!" Utadhani ningekuwa nje ya eda ingekuwa ruhusa.

Walisema nimepandwa na shetani. Sikupandwa na kitu. Leo nina miaka ishirini na saba, siku ile nilikuwa na ishirini na nne, na sijawahi kuwa na akili timamu kuliko dakika zile. Nilijua ninayempiga ni nani, na nilijua mkono ule ulikuwa unapiga pia mtu wa pili, ambaye ni mimi mwenyewe. Hiyo ya pili sikumwambia mtu mpaka nilipoiandika.

Mwaka ule ulianzia juu Newala, kwenye chumba chetu kimoja chenye dirisha linalotazama shimo. Asiyejua huku kwetu ajue kwamba juu ya uwanda hakuna maji ya karibu chini ya ardhi. Ama uteremke bondeni na ndoo, ama uchimbe tangi kando ya nyumba, ulisakafie kwa saruji, uelekeze bomba la bati humo, ungoje mvua. Mshamu alikuwa mchimbaji wa hayo matangi. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na alikuwa akiteremka ardhini kama mtu anayeingia chumbani kwake. Udongo wetu ni mwekundu, ukiukata kwa jembe unasimama wima kama ukuta, mwaka mzima hauanguki. Kwa hiyo hakuwahi kuweka hata gogo moja la kuuzuia. Alikuwa anakata vishimo vidogo ukutani, huku kimoja na huku kimoja, ndizo ngazi zake, anapanda na kushuka kwa hivyo. Mimi nilikuwa nachungulia na Zuhura mgongoni, namwambia, "Baba Zuhura, weka basi mti." Anacheka kutoka chini, sauti imekuwa nene: "Mti wa nini, mke wangu? Udongo wa kwetu una adabu." Alijifunza hivyo kwa baba yake, na baba yake kwa mjomba wake. Hakuna aliyewahi kufukiwa. Nasema hili sasa kwa sababu baadaye ilinibidi nilitumie dhidi yake.

Injinia tulimjua zamani kidogo, kabla hajawa Injinia. Mzee mmoja mtaalamu wa miamba alikuja kupima ardhi ya shule iliyotaka tangi kubwa, na huyu alikuwa mbeba mifuko yake ya udongo. Alikula kwetu ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na chai, akasifu. Mwaka uliofuata akarudi peke yake, na gari, na kofia ngumu nyeupe, na muhuri. Akasema kuna tajiri anatafuta kinywe huko chini upande wa Masasi, yale madini meusi yanayopaka mkono kama penseli, na anataka wachimbaji wa mashimo ya majaribio. "Nataka watu wa Newala tu," alisema pale barazani, anamenya muhogo wa kuchemsha. "Watu wa chini wanachimba siku mbili shimo la siku moja, wanataka magogo, wanataka kamba. Ninyi ni wanaume." Mshamu alivimba kichwa. Na mimi nikavimba, maana nilichukuliwa kuwa mpishi wa kambi.

Kambi ilikuwa chini ya kilima cha jawe, vibanda vitatu vya nyasi na turubai moja la jiko. Nilikuwa napika ugali wa muhogo na mbaazi kwa watu kumi na mmoja, na kutoka jikoni kwangu nilikuwa nasikia maneno yote ya meza ya Injinia, maana meza ile ilikuwa hatua nne kutoka kwenye mafiga. Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, Injinia alitoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, za Kiingereza, zina muhuri wa duara wa wino wa buluu na namba katikati. "Hii ni taarifa ya ardhi. Sheria inataka msomewe. Mama Zuhura, wewe una fomu foo, wasomee." Nilipanda juu ya ndoo iliyofunikwa ili wanione. Niliona fahari, sifichi. Nikasoma Kiingereza, nikageuza Kiswahili: udongo ni mwekundu, wa kichanga, unashikana, unasimama wima bila kuzuiliwa, hauhitaji nguzo. Wakati natamka "mwekundu" macho yangu yalishuka chini ya ile ndoo. Udongo wa pale ulikuwa wa kijivu, una madoa meupe, umepasukapasuka. Moyo wangu uliuliza swali. Mdomo wangu ukaendelea kusoma. Nilijiambia mimi ni nani, mwenye daraja la tatu la kidato cha nne, wa kumkosoa mwenye muhuri? Nikafika katikati ya ukurasa wa pili, njaa za watu zimeisha wanasinzia, nikasema, "Na mengine ni hayohayo." Mshamu akapiga makofi. "Mmesikia? Kama nyumbani!" Karatasi ile nikaambiwa niitunze jikoni. Nikaitia kwenye mfuko wa kadi ya kliniki ya Zuhura.

Aliyejua alikuwa mmoja, dada Sabina, mtoto wa Ndanda, mwembamba, aliyetoka chuo kikuu na shahada yake ya jiolojia. Nilidhani ni karani, kwa jinsi Injinia alivyomtuma. Yeye ndiye alikuwa anabeba mifuko sasa. Alikuwa na daftari kubwa jeusi ambalo Injinia alilisaini kila Ijumaa, na siku hiyo Sabina alikuwa mpole kuliko siku nyingine zote. Asubuhi moja, mashimo yameshapita kimo cha mtu, nilikuwa nawapelekea chai nikamsikia anasema, "Injinia, shikamoo. Lile la tatu silipendi. Udongo ule haushikani, ukilowa unavimba, ukikauka unaachia. Tuweke magogo, na Mshamu aache kukata vile vikanyagio ukutani, vinaudhoofisha." Injinia hakuitikia hata marahaba. Alimpiga kofi. Si kofi la kutisha, ni kofi lililotimia, kikombe kikaruka, chai ya moto ikammwagikia Sabina kifuani. "Unanifundisha kazi? Nani anasaini daftari lako hapa? Sema, nani?" Sabina akasema, "Wewe." "Basi kaa kimya uhesabu mifuko." Mimi nilikuwa nimesimama na birika. Niliokota kikombe, nikafuta meza, nikamimina chai nyingine ya Injinia. Hilo ndilo nililofanya. Nilimmiminia chai.

Siku tano baadaye, asubuhi, uji bado uko jikoni, nilisikia kishindo kama gunia la korosho limetupwa kutoka kwenye lori. Kisha Chilumba akatoka anakimbia, mweupe wa vumbi mpaka kope, akasema neno moja la Chimakonde ambalo sitaliandika. Shimo la tatu lilikuwa limejaa. Ukuta uliokatwa ngazi ndio uliong'oka, wote kwa pamoja, na Mshamu alikuwa katikati ya ngazi anapanda. Wanaume walichimba kwa majembe, kwa sufuria zangu, kwa mikono. Selemani, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa anachimba kama mbwa, anapiga jembe bila kuangalia, na jembe hilo ndilo lililompata Mshamu begani, likaingia, na damu haikuruka. Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliye hai damu yake huruka. Tulimvuta kwa mikono, kichwa kikatangulia, mdomo wake umejaa ule udongo wa kijivu, na mimi nikauchimbua kwa kidole, nikauchimbua, nikauchimbua, mpaka mzee Chilumba akanishika mkono: "Basi, mwanangu. Basi." Injinia alikuwa ameshawasha gari. Alisema anakwenda kutafuta msaada. Alirudi saa kumi na askari wawili na shati jingine. Mume wangu alipandishwa Newala nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kando yake mifuko ya sampuli imefungwa vizuri na kuandikwa namba.

Sasa mtaelewa mchi. Siku mbili baada ya arobaini askari alikuja na karatasi: Injinia amekwenda kutibiwa, ana PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ameshitaki kwa shambulio. Mwenyekiti wa kijiji akaingia kati akaomba tuyamalize kifamilia. Askari aliniangalia, na Zuhura ananing'inia kwenye kanga yangu, akaniambia, "Mama, hapa mshitakiwa ni wewe. Yule hana kosa lililoandikwa popote." Hilo neno, lililoandikwa, lilinikaa kichwani.

Sabina alikuja juma lile lile, amejifunika ushungi ingawa ni Mkristo, apite kama mfiwa. Nilimkaribisha kwenye chumba changu cha eda, nikampa maji. Akayanywa yote, kisha akasema, "Mama Zuhura, yule si mwanajiolojia." Nikamwambia, "Sema vizuri." Akasema, "Ili mtu aandike ile taarifa na kuipiga muhuri, kwanza awe na shahada ya jiolojia. Halafu afanye kazi miaka chini ya mtu aliyesajiliwa, kila kazi iandikwe kwenye daftari na isainiwe. Halafu bodi imhoji. Ndipo apewe namba. Namba iliyo kwenye muhuri ule ni ya yule mzee wa zamani, aliyestaafu. Yeye hana hata moja." "Ana nini?" "Ana kidato cha nne." "Kama mimi?" Sabina akataka kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Wewe una daraja la tatu. Yeye alipata sifuri. Aliniambia mwenyewe siku amelewa." Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu mwezi wa tatu wa kazi. Nilimkamata kola, nikambamiza ukutani, chokaa ikamwagika mgongoni mwake. "Ulijua! Ulijua, ukamwacha ashuke!" Hakujitetea. Alisema, "Nilitaka miaka yangu itimie. Sasa yote ni bure. Saini yake si saini. Nilipigwa kofi kwa ajili ya daftari lisilo na thamani." Nilimwachia, maana nilikumbuka birika. Mwezi uliopita nilikutana naye sokoni Masasi, amebeba mfuko wa mawe na amekonda zaidi. Ameanza upya, mwaka wa kwanza, chini ya mama mmoja mwenye namba yake halali. Aliniuliza, "Zuhura hajambo?" nikasema, "Hajambo, yuko darasa la kwanza." Kuna watu mnaopendana kwa sababu kila mmoja anajua ubaya wa mwenzake.

Siku ile, kabla hajaondoka, niliutoa mfuko wa kadi ya kliniki. Tuliisoma ile karatasi pamoja, neno kwa neno, vichwa vimegusana. Udongo mwekundu wa kichanga, unasimama wima. Sabina akasema, "Hii ni ardhi ya hapa. Hii ni taarifa ya mzee, ya lile tangi la shule. Amefuta Newala akaandika Masasi." Tukageuza ukurasa wa pili, ule ambao mimi niliuruka nikisema mengine ni hayohayo. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ambao Injinia alisahau kuufuta: kwamba ardhi hii inafaa kwa matangi ya kuhifadhi maji ya mvua. Kwenye taarifa ya mashimo ya kinywe. Ningesoma mistari saba zaidi juu ya ile ndoo, Mshamu mwenyewe angeuliza, "Matangi gani tena?" Niliisoma tena kwa sauti, mistari yote saba.

Ningeweza kuishia hapo, lakini jioni Selemani aliingia kusalimia, mkono una alama ya meno yangu, akasema Injinia amepata eneo jingine karibu na Lukuledi, wanaanza Jumatatu, na yeye yumo. "Baada ya yale?" "Shemeji, kazi ni kazi. Bro alikosea, alikata ngazi. Mimi sitakata ngazi." Mama mkwe alikuwa anachambua mbaazi, akainua uso: "Mwanangu hakukosea." "Mama, alikosea." "Rudia neno hilo nikutoe meno!" Wakashikana mbele yangu, mama na mwana, ungo ukamwagika, na mimi nikaona wazi kwamba nikiandika malalamiko ya kumsafisha mume wangu peke yake, Injinia atasimama aseme marehemu alikata ngazi, na atakuwa amesema kweli, na kweli hiyo moja itafunika uongo wake wote. Nikamwambia mama mkwe nitaandika kwamba Mshamu alikosea. Alinitemea mate. Yalinipata shavuni, na sikuyafuta mpaka nilipomaliza kusema: "Alikosea kwa sababu anaijua ardhi ya kwetu. Ndiyo maana pale shimoni panatakiwa mtu aliyesoma ardhi za wengine. Pangekuwa na huyo mtu, kosa lake lingekuwa la kucheka wakati wa chai." Mama mkwe aliinama, akaanza kuokota mbaazi moja moja. Alfajiri ya Alhamisi nilitoka nikiwa ndani ya eda. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango na kumpokea Zuhura, bila kuniangalia. Niliteremka Masasi, nikaingia ofisi ya madini. Karani aliniambia malalamiko dhidi ya wataalamu hupelekwa kwenye bodi, nikamwambia nakala ya bodi hii hapa, ya kwako hii, gonga muhuri wako zote mbili nione. Aligonga. Nilikuwa nimeandika hivi:

*Kwa Bodi inayosajili wanajiolojia. Nakala: Ofisi ya madini, Masasi.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTU ANAYEFANYA KAZI YA JIOLOJIA BILA ELIMU WALA USAJILI*

*Mimi ni mjane wa Mshamu, mchimbaji, aliyefukiwa na shimo la tatu. Namlalamikia mtu ambaye jina lake na namba ya gari lake nimeviambatisha. Hana shahada. Hakufanya kazi miaka yoyote chini ya mtaalamu isipokuwa kumbebea mifuko. Hakuhojiwa nanyi. Namba iliyo kwenye muhuri wake si yake, naomba mwenye namba aulizwe. Taarifa aliyoitoa ni ya ardhi ya Newala, na shimo liko Masasi. Ushahidi ni mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, unaotaja matangi ya mvua. Msomi wa shahada aliyekuwepo alimwonya akapigwa kofi. Amekubali kuja kusema, ingawa anajua miaka yake yote imepotea.*

*Sitaki mtu aje kunieleza kwamba mume wangu alikata ngazi ukutani. Alikata. Alichimba kama tunavyochimba nyumbani, na nyumbani hakuna aliyewahi kufa. Hakuwa na elimu ya ardhi nyingine na hakuwahi kudai anayo. Aliyedai ni huyu, na mlitunga masharti yenu ya elimu kwa ajili ya mtu kama mume wangu, si kwa ajili ya kupamba ukuta wa ofisi.*

*Naandika na makosa yangu ili asiyatumie. Nilimpiga kwa mchi, nikamvunja jino. Sikatai, nitajibu polisi. Na mimi ndiye niliyewasomea wachimbaji taarifa hii nikaacha nusu ya ukurasa wa pili, na niliona udongo si mwekundu nikanyamaza kwa kuogopa muhuri.*

*Naomba azuiliwe kabla ya Jumatatu. Siku hiyo anaanza mashimo mengine karibu na Lukuledi, na mmoja wa wachimbaji ni shemeji yangu Selemani, mtoto pekee aliyebaki kwa mama yake.*

*Barua hii nimeisoma kwa sauti mpaka mwisho kabla ya kuisaini.*

*Somoe, Mama Zuhura. Kidato cha nne.*